Hofu ya Kufeli Mtihani wa Sheria Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyapokea kwa miaka kadhaa kutoka kwa wanafunzi wa sheria wanaozungumza Kiswahili hapa Uganda: waliokulia Busia, Bombo na Arua, Wakenya, Watanzania, na Wakongo wachache. Mengi huja usiku wa manane, wiki mbili kabla ya mitihani. Majibu ni ya wakili aliyewahi kufeli karatasi moja ya mtihani, si ya daktari. Panapohitaji daktari nimesema wazi.

## Mambo ya mwanzo

1. Hofu hii ni ya kawaida, au nimeanza kuugua?

Kwa wengi ni ya kawaida. Moyo kwenda mbio, tumbo kuchafuka asubuhi ya mtihani, kusoma ukurasa uleule mara nne bila kuambulia kitu: huo ni mwili umejiweka tayari kwa hatari. Unamwaga adrenalini ileile ambayo ingekusaidia kuruka pembeni boda iliyokosa breki ikija upande wako. Shida ni kwamba mtihani hauruki wala haukimbizwi, kwa hiyo nguvu zote hizo zinabaki tumboni.

Kipimo changu ni maisha ya kila siku. Ukiogopa lakini bado unakula, unalala kiasi, na unasoma walau kidogo, una hofu ya mtihani. Kama kwa wiki mbili mfululizo usingizi umekataa, chakula hakipiti, au umeacha kabisa kufungua daftari, ruka mpaka swali la 15.

2. Kwa nini sheria inatisha kuliko masomo mengine?

Sababu ya kwanza ni mlango wenyewe. Uganda unasoma shahada miaka minne, kisha unakuta bado hujawa wakili. Inabaki kozi ya uwakili, ambayo kwa miongo mingi imekuwa na nyumba moja tu: Law Development Centre, iliyoanzishwa 1970, makao yake Kampala karibu na Makerere, na siku hizi yenye matawi Mbarara na Lira. Watu wengi, mlango mmoja. Magazeti nayo yamezoea kuandika habari za kundi kubwa kufeli kila matokeo yanapotoka, na habari hizo husomwa na shangazi yako pia.

Sababu ya pili haisemwi sana. Mwanafunzi wa sheria huitwa "wakili" tangu mwaka wa kwanza. Kijijini wanakuletea mgogoro wa mpaka wa shamba kabla hujamaliza somo la mikataba. Kwa hiyo ukifeli, unaona kana kwamba umevuliwa cheo ambacho, kusema kweli, hukuwa nacho bado.

3. Hofu inaharibu mtihani kweli, au ni kisingizio?

Kidogo inasaidia, nyingi inaharibu. Wanasaikolojia Yerkes na Dodson waliliandika jambo hili tangu 1908: msisimko ukipanda, utendaji hupanda nao hadi mahali fulani, kisha huanza kushuka, na katika kazi ngumu hushuka mapema zaidi. Akili inayoshughulika na "nikifeli je?" inatumia nafasi ileile ambayo ungeshikia ukweli wa swali, kifungu cha sheria na tofauti ya wahusika wawili. Ndiyo maana mtu anayejua somo vizuri sana barazani anaweza kuandika upuuzi ukumbini.

Kwa hiyo usitafute kuimaliza hofu. Itafutie kazi, uipunguzie nafasi.

## Kabla ya mtihani

4. Wazo la "nikifeli" linanirudia kila nikifungua kitabu. Nifanye nini?

Hili ndilo swali kubwa, na jibu langu huwashangaza wengi: lijibu. Watu hulifukuza wazo hilo siku nzima, nalo linarudi kwa sababu halijawahi kujibiwa. "Nitafeli?" ni swali ambalo hakuna anayeweza kulijibu leo. "Nikifeli itakuwaje?" lina majibu, tena ya kawaida kabisa.

Chukua karatasi moja. Juu andika "Nikifeli karatasi hii". Chini yake usiandike unavyojisikia. Andika kitakachotokea Jumatatu inayofuata. Kila jambo liwe na kiasi cha fedha, tarehe au jina la mtu.

Yangu niliiandika katika chumba cha kupanga Kikoni, umeme umekatika, kwa tochi ya simu. Ilikuwa na mistari mitano. Nitarudia karatasi moja, na ada yake nikaiandika. Kuapishwa kutachelewa. Kodi ya chumba itaendelea, nayo nikaizidisha kwa miezi. Kazi ya kusaidia ofisini niliyoahidiwa itakwenda kwa mwingine. Mstari wa tano uliandikwa "Watu watajua". Nikajilazimisha kuweka majina. Nikapata baba mkubwa, mchumba wangu, na mama muuza maziwa aliyekuwa akiniita wakili kila asubuhi. Nikatafuta la nne, likakosekana. Nilikuwa nimekosa usingizi mwezi mzima kwa kuogopa umma, na umma wenyewe ulikuwa watu watatu, mmoja wao akinidai nusu lita.

Karatasi hiyo iweke ndani ya jalada la kitabu. Wazo likirudi, lionyeshe ilipo, uendelee kusoma. Kama ulichoandika kinatisha kweli, mfano mfadhili atakata ada, basi umepata jambo la kushughulikia sasa hivi, kwa barua au kwa simu, badala ya kulibeba kitandani.

5. Nasoma saa kumi kwa siku lakini sikumbuki kitu. Kichwa changu kimeharibika?

Hakijaharibika. Unasoma kwa macho tu. Kupaka rangi ya njano kwenye kitini kunaleta raha ya kuhisi unajua, na raha hiyo ndiyo inayokusaliti ukumbini. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha 2006 kwamba aliyefunga kitabu na kujilazimisha kukumbuka hukumbuka zaidi baada ya wiki kuliko aliyesoma tena na tena, ingawa huyu wa pili ndiye aliyejiamini zaidi.

Kwa sheria maana yake ni mitihani ya miaka iliyopita. Fungua swali, funga vitabu, weka saa, andika jibu zima kwa mkono: suala ni lipi, sheria inasemaje, inagusaje ukweli huu, hitimisho ni lipi. Ndipo ufungue ulinganishe. Hukumu zenyewe zinapatikana bure kwenye mtandao wa ULII (Uganda Legal Information Institute), kwa hiyo hakuna haja ya kutegemea muhtasari wa muhtasari uliochapwa mtaani Wandegeya ukiwa na jina la kesi lililokosewa.

Mara ya kwanza utaandika vibaya na hofu itapanda. Vumilia. Kufikia jibu la sita au la saba mkono unaanza kuzoea, na kwa uzoefu wangu hakuna kinachoshusha hofu ya mtihani kama kuufanya mtihani.

6. Kundi letu la WhatsApp linanitia wazimu. Nitoke?

Lizime sauti siku kumi za mwisho. Anayeandika saa nane usiku kwamba amemaliza "silabasi yote mara mbili" naye anaogopa, ila ameamua kuwagawia wenzake. Mpe mtu mmoja unayemwamini kazi ya kukupigia kama ratiba imebadilika.

7. Kahawa, mirungi, na vile vidonge vya kutuliza moyo?

Kahawa ya jioni unailipia usiku: baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo mwilini. Mirungi inakuweka macho, ndiyo, lakini usingizi ndio unaopanga kichwani ulichosoma mchana. Anayekesha siku tatu anaingia ukumbini na ghala lililojaa mizigo isiyopangwa.

Kuhusu vidonge, niseme bila kupindapinda. Propranolol inanunuliwa kirahisi dukani, na wenzako watakwambia ni ya kawaida. Kwa mwenye pumu ni hatari kubwa. Usimeze dawa yoyote ya moyo au ya usingizi kwa ushauri wa mwanafunzi mwenzako, hata kama ana alama za juu kuliko zako.

8. Nimeambiwa niombe tu na niwe na imani. Inatosha?

Omba. Mimi huomba. Kisha fanya swali la 5.

## Siku yenyewe

9. Na kama nikifungua karatasi nikute sikumbuki kitu?

Hutokea, na kwa kawaida hupita ndani ya dakika chache usipopambana nako. Weka kalamu chini. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe polepole kwa hesabu ya sita au nane, mara tano. Kutoa pumzi ndefu kuliko unavyoivuta kunapunguza kasi ya moyo. Usiifanye kwa kuvimba kifua.

Halafu mpe mkono kazi unayoijua bila kufikiri. Umeambiwa uandike hati ya madai? Anza na kichwa chake: Jamhuri ya Uganda, Katika Mahakama Kuu ya Uganda Kampala, kitengo, namba ya kesi yenye nafasi tupu, mdai, mdaiwa. Kwa Kiingereza, bila shaka, lakini kichwa hicho umekiandika mara mia. Mara ya pili nilipokaa mtihani huo viganja vilikuwa vimelowa hadi wino ukatanda kwenye neno la kwanza. Nikaandika kichwa hicho herufi kubwa, polepole kama mtoto wa darasa la pili. Nilipofika kwenye jina la mdaiwa nikakumbuka swali lilikuwa linauliza nani hasa ashtakiwe, na hapo milango ikafunguka.

Kuna njia nyingine ya kutumia kabla hujaingia. Utafiti wa Ramirez na Beilock wa 2011 uliwapa wanafunzi wenye hofu dakika kumi za kuandika wasiwasi wao wote kabla tu ya mtihani, na wakafanya vizuri kuliko wenzao wasioandika. Nyuma ya tiketi ya teksi panatosha.

Onyo dogo, kwa kuwa naliona kila mwaka: ukikwama, usikimbilie Ibara ya 126(2)(e) ya Katiba kila ukurasa. Mahakama inaambiwa itende haki bila kung'ang'ania mno taratibu. Msahihishaji hakuambiwa hivyo.

10. Mtihani wa mdomo unanitisha kuliko wa kuandika.

Ukimya wa sekunde tano unaonekana kwako kama saa nzima, kwao ni wewe unafikiri. Jifunze sentensi moja ya kununua muda, kwa Kiingereza na kwa heshima ya mahakama unayoigiza, kisha ifanyie mazoezi umesimama mbele ya mtu. Ukikosea, sahihisha waziwazi na uendelee. Mawakili wakongwe hufanya hivyo mahakamani kila wiki. Pumzi ni ileile ya swali la 9.

11. Nafikiri kwa Kiswahili, mtihani ni wa Kiingereza. Nitafeli kwa lugha?

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili katika Katiba ya Uganda tangu marekebisho ya 2005, lakini mahakama na mitihani ya sheria bado inasema Kiingereza. Hofu yako ina msingi, ila mara nyingi imeelekezwa pasipo. Sijaona mtu aliyefeli kwa sababu ya kukosea kiambishi. Nimeona wengi waliofeli kwa sentensi za mistari sita walizoazima kwenye hukumu za Uingereza ili waonekane wasomi.

Tumia Kiswahili kuelewa. Mweleze mwenzako tofauti ya amri ya zuio la muda na la kudumu kama unavyomweleza mama yako sokoni. Ukikwama kwa Kiswahili, hujaelewa, na Kiingereza kilikuwa kinakuficha. Ukishaelewa, andika kwa Kiingereza kifupi: sentensi moja, hoja moja.

## Baada ya mtihani

12. Nimetoka na nimegundua nilikosea swali zima. Nifanyeje?

Usiende kwenye kibanda cha rolex, ile chapati inayoviringishwa na mayai, ambako wenzako wanachambua majibu. Kale rolex yako kwingine. Mnaochambua hapo hamna msahihishaji; aliye na sauti kubwa ndiye anayeshinda, na wewe una karatasi nyingine keshokutwa. Jumla ya alama zako haitabadilika kwa kujua. Usingizi wako utabadilika.

13. Kungoja matokeo kunaniua.

Tenga nusu saa kwa siku ya kuhangaika, saa ileile, mfano baada ya chakula cha mchana. Hofu ikija asubuhi, iambie ingoje zamu yake. Inasikika kama mchezo, lakini ni mbinu ambayo wataalamu wa wasiwasi wanaifundisha tangu miaka ya 1980. Na tafuta kazi ya mikono. Mimi nilipiga rangi nyumba ya dada yangu, vibaya.

14. Nimefeli kweli. Naanzia wapi, na nyumbani niseme nini?

Siku ya kwanza usiamue lolote. Siku ya pili hakikisha matokeo yenyewe: namba yako, karatasi ipi, alama ngapi. Kisha soma kanuni za mitihani za chuo chako, zile zilizochapishwa, si zile za kusikia. Zinakwambia kama unarudia karatasi (hapa huitwa riteki, Watanzania wanasema sapu), kama unaweza kuomba isahihishwe upya, kwa muda gani na kwa ada gani. Muda huo huwa mfupi, na wanafunzi wa sheria, wanaosoma ukomo wa muda darasani, huupitisha wakilia chumbani.

Siku ya tatu tafuta sababu. Mimi niliamini nilifeli kwa kutojua. Nilipokaa na mwalimu mmoja aliyekuwa na subira, akaniuliza swali lilitaka nini. Lilitaka hati. Mimi nilikuwa nimeandika insha juu ya hati, kurasa tisa. Nilijua kila kitu na sikufanya nilichoambiwa.

Nyumbani, mwambie mmoja kwanza, yule ambaye hatapiga simu kwa wengine kabla hajakusikiliza. Kwangu alikuwa mama. Nilitaka kuanza na maelezo ya mfumo wa elimu ya sheria tangu ukoloni. Badala yake nikasema: "Mama, shikamoo. Matokeo yametoka. Sijafukuzwa. Nina karatasi moja ya kurudia, na nimeshajua ada yake." Akanyamaza, akauliza kama nimekula. Baba mkubwa yeye alifoka, kama nilivyoandika kwenye karatasi yangu ya swali la 4, na kwa sababu nilikuwa nimeshamwandika, makali yake yalikuwa yamepungua nusu.

Taja neno "sijafukuzwa" mapema, kama ni kweli. Wazazi wengi wakisikia kufeli wanasikia mwisho. Na usiseme uongo kwamba matokeo hayajatoka. Kuna binamu mwenye intaneti.

## Hali za pembeni

15. Nitajuaje kwamba sasa nahitaji daktari?

Dalili nilizotaja swali la 1 zikidumu wiki mbili. Au ukianza kunywa ili ulale. Au ukipatwa na vipindi vya kukosa pumzi na kutetemeka hata pasipo mtihani. Anza na ofisi ya ushauri nasaha ya chuo. Makerere na vyuo vingine vikubwa wanazo, na kwa kawaida hawamwambii mkuu wa kitivo ulichosema. Hospitali ya taifa ya afya ya akili ni Butabika, ipo tangu 1955. Watu hutania jina hilo mno, na utani huo umewachelewesha wengi. Kwenda kliniki kuonana na daktari ni kama kwenda kupimwa macho.

Kama mawazo yamefikia kujidhuru au kutotaka kuishi, acha kusoma ukurasa huu. Mpigie mtu aje akae nawe sasa, usibaki peke yako chumbani, na mwende hospitali iliyo karibu usiku huohuo. Mtihani una tarehe nyingine.

16. Mimi ni Mkenya au Mtanzania. Nikifeli hapa, kwetu mambo yanakuwaje?

Usidhani upande wa pili wa mpaka kuna nafuu. Dar es Salaam, mwaka 2022, Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School of Tanzania) ilitoa matokeo ambapo 26 tu kati ya 633 walifaulu moja kwa moja, hadi serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Neno "kudisko", yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli, lilisikika hadi kwenye daladala. Wakenya wanakutana na mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, na kabla ya hapo Sheria ya Chuo cha Sheria cha Kenya ya 2012, ambayo hutazama hadi alama zako za sekondari na imezaa kesi nyingi. Soma masharti ya nyumbani mwaka huu, kabla hujamaliza shahada. Hofu nyingi za wanafunzi wa kigeni ninazozisikia ni za kutojua masharti, na hizo zinaisha kwa mchana mmoja wa kusoma.

17. Nimefeli mara tatu. Niachane na sheria?

Inawezekana, na kuuliza si usaliti. Tazama sababu kama nilivyoeleza swali la 14. Ukifeli mara tatu kwa sababu moja inayorekebishika, irekebishe. Ukifeli kwa sababu tofauti kila mara, au ukijikuta huwezi kusoma hukumu moja bila kuchukia, shahada ya sheria inafanya kazi benki, bima, mashirika, ardhi, utumishi wa umma. Lakini usiamue wiki ya matokeo.

18. Mwenye hofu ni rafiki yangu. Nimsaidieje?

Usimwambie "utapita tu". Hujui, naye anajua kwamba hujui. Nenda kwake na rolex mbili na swali moja la mwaka uliopita. Kaeni kimya dakika arobaini mkiandika wote, kisha mbadilishane karatasi. Rolex liwe baada ya kuandika. Mafuta yake yanatoboa karatasi.